Tonge la Mjapani Mchana wa Ramadhani

Jamani, haya siyasimulii kwa raha. Miaka imepita mingi, wengi walioshuhudia wameshazikwa, na kila nikidhani mambo yamesahaulika hutokea mtu mzima na ndevu zake na watoto wake, ananipita sokoni hapa Kisii na kuniamkia, "Shikamoo, Mama Kobe," halafu anacheka mpaka kofia inamwanguka, nami naitikia marahaba, kwa sababu nifanyeje, nimkimbize na fimbo? (Wakati ule alikuwa na miaka sita, kamasi zinamtiririka, na ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. Namkumbuka vizuri sana.) Kwa asiyejua, kobe kwetu sisi Waislamu ni yule anayejificha kula mchana wa Ramadhani, na watoto wakimgundua humfuata mtaa mzima wakimzomea. Sasa mimi nasema mbele yenu kwamba sikula. Yaani niliweka kitu mdomoni, hilo sikatai, na kikaenda kisikotakiwa kwenda, hilo nalo sikatai, lakini kula sikula. Ngojeni niwaeleze, na atakayecheka kabla sijamaliza namtoa nje.

Mimi sikuzaliwa Salma. Nilizaliwa Kemunto, kule Magwagwa, kwa baba aliyekuwa mzee wa kanisa la Wasabato, mtu ambaye siku ya Jumamosi hata jivu la jikoni hakutaka liguswe. Shabani alikuwa akija soko letu na marobota ya nguo juu ya baiskeli, akitokea Kisii mjini, akinadi kwa Ekegusii kibovu cha watu wa mjini, nami nikampenda (msiniulize kwa nini, nilikuwa na miaka kumi na minane na yeye alikuwa na meno mazuri). Nikasilimu, nikaolewa, nikahamia mtaa wa Waislamu nyuma ya msikiti. Baba hakupiga kelele. Alisema tu, "Utarudi hapa kabla wimbi halijavunwa, na njaa ndiyo itakayokurudisha."

Kwa wakwe nako maneno yalikuwa yale yale. Mama mkwe wangu, Bi Mariamu, mwanamke mfupi, mkavu, asiyepitwa na jambo, alimwambia mwanawe nikiwa nimesimama pale pale na sinia mkononi, "Mke umeoa, sawa. Kama ni Mwislamu au si Mwislamu, Ramadhani itasema." Maana yake sote tuliielewa: nikiumaliza mwezi mimi ni mke wa nyumba ile, nikiteleza baiskeli iliyonileta ndiyo itakayonirudisha Magwagwa. Kwa hiyo watu wa kanisani na watu wa msikitini, ambao hawajawahi kukubaliana juu ya kitu chochote, walikuwa wamekubaliana kulisubiri tumbo langu lishindwe. Na mimi nina kichwa kigumu, nikasema hawanipati.

Nikafunga. Nilifunga kwa hasira, nadhani hata thawabu zangu ziliandikwa kwa wino wa hasira. Ukiacha zile siku nne ambazo kila mwanamke husamehewa (na nikaziweka akilini nije kuzilipa), sikukosa hata moja, na kila alasiri Bi Mariamu alikuwa na kisingizio cha kuniita karibu, mara nimtoe kibanzi kidoleni, mara nimtazamie kama kanga yake imechanika, kumbe anatazama midomo yangu kama imekauka inavyopasa. Ilikuwa imekauka, mama. Ilikuwa imepasuka. Tulifika kumi la mwisho nikiwa nimesimama imara, na nikaanza kuiona Idi kwa mbali.

Ndipo Shabani alipoleta Mjapani.

Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa na ugonjwa wa kukaribisha watu. Mwaka ule mwisho wa Desemba ulianguka ndani ya Ramadhani, na mvua ilikuwa haijui kuacha, barabara ya Keroka imekuwa uji, na lori lililokuwa limembeba Bwana Hirano lilikuwa limezama kule mpaka vioo. Huyu Bwana Hirano alikuwa msafiri wa kampuni ya nguo ya kwao Japani, ametoka Mombasa na kitabu kikubwa cha vipande vya vitambaa, anazunguka masoko kutazama wanawake wanapenda maua gani kwenye kanga. Alitakiwa awe ameshafika Nairobi, ambako wenzake walikuwa wakimngoja washerehekee mwaka mpya pamoja, na sasa yuko Keroka, tope mpaka magotini, ameshika kifurushi kifuani kama mtu aliyebeba mtoto. Shabani akamwona, akamhurumia, akamleta. "Mgeni wa Mungu," akasema. Mgeni wa Mungu, sawa, lakini atakayempikia chakula cha mchana kwa wiki nzima huku mate yamemkauka ni mimi, si Mungu.

Nisimsingizie, alikuwa mtu wa adabu. Alivua viatu mlangoni kabla hajaambiwa, na Bi Mariamu akampenda kwa hilo peke yake. Kiswahili alikijua, cha Mombasa, akikisema polepole kama anayepanga vyungu. Jioni baada ya futari alikaa barazani akatusimulia sikukuu za kwao, na zilikuwa nyingi mpaka nikajiuliza watu hawa hulima saa ngapi. Kuna msimu miti inachanua maua meupe, basi watu wanatandika mikeka chini yake na kukaa tu, wakila vitumbua vyekundu vya wali vilivyofungwa kwenye jani lenye chumvi. Kuna siku ya watoto wa kiume, wali unafungwa kwenye majani kama sisi tunavyofunga vitu kwenye majani ya ndizi. Kuna usiku wa kuutazama mwezi, wanapanga vidonge vya unga vyeupe mbele yake. Mwaka ukiisha wanakula tambi ndefu ili umri uwe mrefu, na mwaka ukiingia wanakula mochi.

"Mochi ni nini?" nikauliza. Hapo ndipo ningenyamaza.

"Ni wali unaotwangwa, bibi, mpaka unakuwa kitu kimoja," akasema. "Kwetu kila mji una chakula chake cha sikukuu, na barabarani yako maduka ya kuwapa wasafiri, ili mtu aliye mbali na nyumbani msimu usimpite. Msafiri akikosa mochi mwaka mpya, ni kama mwaka umefika kwa wengine, kwake haukufika." Akakifungua kile kifurushi. Ndani mlikuwa na mchele, mfupi, mweupe kama chokaa, mchele maalumu wa kunata uliotoka kwao kwa meli. Ndio aliokuwa akiupeleka Nairobi. Akautazama, akaufunga tena, hakuomba kitu.

Basi mtu asiyeomba ndiye anayeniua mimi. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Kinu tunacho. Nitakutwangia." Shabani akanitazama kwa shukrani. Bi Mariamu akanitazama namna nyingine, kwa sababu alijua kwetu Magwagwa tunasaga wimbi kwa jiwe na kwamba kinu nilikikuta kwake, hata mchi bado ulikuwa ukinitoa malengelenge.

Bwana Hirano alisema mochi haitwangwi siku ya mwisho kabisa ya mwaka, ni kama kumpokea mgeni ukiwa bado unafagia, kwa hiyo tukatwanga siku moja kabla. Shabani alikwenda sokoni Keroka. (Kwao kutwanga ni kazi ya wanaume! Shabani aliposikia hivyo asubuhi baiskeli yake ilitoka haraka sana.) Mchele ulikuwa umelowekwa tangu jana, nikaupika kwa mvuke ndani ya kitambaa, nikaumwaga kwenye kinu, nikatwanga, na Bwana Hirano amechuchumaa ananyoosha mkono uliolowa maji kila nikinyanyua mchi, anaugeuza wali, anautoa mkono, natwanga tena. Bi Mariamu amekaa kwenye kigoda katikati yetu, kulinda heshima ya nyumba, anahesabu tasbihi kwa sauti. Watoto wa mtaa wamejaa kwenye ua wanachungulia. Nilitwanga mpaka nikaona nyota mchana, na saumu juu, na yule bwana kila mara ananiambia, "Bado kidogo, bibi. Iwe laini kama hapa," anashika ndewe ya sikio lake. Nikamkumbuka bibi yangu mzaa baba, ndewe zake zilikuwa zinafika mabegani, nikasema kimoyomoyo kama ni laini ya zile tutatwanga mpaka Idi.

Mwishowe ikawa. Kitu cheupe, kinang'aa, kinavutika kama utomvu wa mtini. Bwana Hirano akafurahi mpaka macho yakapotea, akaniambia nikate vidonge vidogo vidogo wakati yeye anakwenda kisimani kunawa mikono. Bi Mariamu naye akaondoka, akaenda msikitini kumwita Maalim na wanawake wawili wa jirani waje waone masufuria yetu, kwa sababu futari ya usiku wa ishirini na saba ya msikiti mzima ilikuwa ipikwe kwetu, na hiyo nayo ilikuwa heshima yangu ya kwanza mtaani. Nikabaki mimi na ile mochi.

Na hapo, wenzangu, nikakumbuka pilipili.

Jana yake nilikuwa nimetwanga pilipili za sambusa kwenye kinu kile kile. Nilikiosha, naapa nilikiosha, lakini pilipili ya kinu mnaijua, hujificha kwenye nyufa kama deni. Nikamwona yule mgeni asubuhi ya mwaka wake mpya, peke yake ugenini, anauma tonge la kwao na machozi yanamtoka. Ningeweza kumngoja anawe, aje aonje mwenyewe. Mtu mwenye akili angengoja. Lakini Bi Mariamu mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba mpishi aliyefunga anaruhusiwa kuonja kwa ncha ya ulimi, akatema, akasukutua, saumu yake iko salama. Nimeonja mchuzi hivyo mwezi mzima, chumvi ya uji, nazi, kila kitu. Nikachuna kipande kidogo, kama punje ya hindi. Nikakigusisha ulimi.

Pilipili haikuwepo. Nikataka kutema.

Haikutemeka! Mchuzi unatema, uji unatema, hata ugali wa wimbi unatema, lakini kitu kile kiliruka kutoka kwenye ulimi kikagandamana na kaakaa, nikakisukuma kwa ulimi, ulimi ukanaswa, nikajaribu kukivuta kwa kidole, kikaja nusu na nusu ikabaki kwenye magego, na kile kilichokuwa kidoleni kikanishika mdomo wa juu. Nikakung'uta kidole, nikachukua ukingo wa kanga nijifute, kanga ikanata. Sasa niko hivi, kanga inaning'inia mdomoni, meno yamefungana, ninapumua kwa pua kama ng'ombe, na nje ya mlango nasikia sauti ya Maalim, nzito, taratibu:

"Asalaam aleikum, wenyewe!"

Salamu ya Mwislamu lazima iitikiwe. Hilo ndilo la kwanza nililofundishwa. Nikaitikia, "Mmmh."

"Asalaam aleikum," akarudia.

"Mmmmh!"

"Salma!" Hiyo ni sauti ya Bi Mariamu. "Maalim anakusalimia, una kiburi gani?"

Mtu mwingine angetoka nje, akafungua kinywa, akaonyesha, yakaisha. Mimi nikaona njia ni maji. Kusukutua kunaruhusiwa, si ndiyo? Nikakimbilia mtungi, nikachota kikombe cha bati, nikajaza mashavu pande zote mbili mpaka yakafura, nikalaza kichwa nyuma ili maji yafike kwenye kaakaa, na katika hali hiyo, kikombe mdomoni, shingo juu, mashavu yamejaa, kinu mbele yangu kimejaa chakula, mlango ukafunguliwa.

Maalim alikuwa mbele, kanzu yake imepigwa pasi, nyuma yake Bi Mariamu, nyuma yake wale wanawake wawili wamefunika midomo kwa buibui. Nikawatazama. Wakanitazama. Mashavu yangu yalikuwa bado yamejaa. Na kwenye ua, yule mwenye kamasi akavuta pumzi yake yote akaitoa:

"Kobeee! Kobe huyooo!"

Wakapokea wote. Mnajua watoto wa mtaa wanavyopokea. Nilijaribu kusema "Sikula," lakini maji hayaniruhusu, nikataka kuyatema, lakini utamtemea nani, mbele yangu ni Maalim. Nikaanza kupunga mikono. Kupunga mikono huku umefura uso na macho yamekutoka kuna sura yake, na sura hiyo ndiyo aliyoiona Bwana Hirano aliporudi kutoka kisimani. Sasa kwao, alituambia baadaye, kila mwaka mpya kuna wazee wanaokwamwa na mochi kooni, wengine wanakufa pale pale mbele ya wajukuu. Yeye akaona mochi, akaona mimi, akaona mikono inapunga. Akapiga ukelele kwa Kijapani, akampita Maalim, akanishika bega, mimi, mke wa mtu, kumi la mwisho la Ramadhani, akanishindilia kofi la mgongo ambalo nalisikia mpaka leo wakati wa baridi.

Maji yakatoka. Yalitoka yote, kwenye kanzu ya Maalim. Kipande cha mochi kikubwa kilitoka nayo kikabandika ubavuni mwa buibui la Bi Mariamu, na kipande kidogo, nasema kweli ili nisidaiwe Akhera, kilirudi nyuma kikashuka tumboni. Na kinywa kilipofunguka, baada ya dhiki yote hiyo, neno la kwanza lililonitoka, kwa sauti ya kusikika mpaka msikitini, halikuwa Bismillahi wala Astaghafirullahi. Nililia, "Nyasae!"

Nyasae ni Mungu kwa Ekegusii, ndiye baba yangu anayemwita kanisani. Wale wanawake wawili wakatazamana. Bi Mariamu akakibandua kile kipande cha mochi kwenye buibui lake, kikavutika, kikavutika, akakikata kwa kucha, akakitazama, akanitazama. "Tutaongea," akasema. Ningependa angenitukana.

Bwana Hirano alieleza, maskini, aliinama mbele ya kila mtu, hata mbele ya watoto. Maalim, na kanzu yake imelowa, alikuwa mtu wa haki. Akasema apelekewe mochi moja aifuturie kabla hajatoa hukumu. Magharibi ilipoingia akaletewa. Baada ya sala tulimngoja mjumbe, na mjumbe akachelewa sana, kisha akaja na maneno haya: "Maalim anasema binti alipe siku moja kwa kile kilichoshuka, na kwa Mwenyezi Mungu msimletee tena kitu kile." Mjumbe akaongeza kwamba Maalim alikuwa amesalisha tarawehe kwa shida.

Mngedhani yameisha. Umbeya una miguu minne, nao ulikuwa umeshaondoka. Shabani aliusikia Keroka, akiwa bado sokoni: mkewe amekula mchana, Mjapani amempiga. Ulipofika Magwagwa nilikuwa nimeuacha Uislamu, nimetamka jina la Mungu wa kweli mbele ya shehe, na nimepigwa kwa ajili ya imani. Jumapili asubuhi (Jumamosi asingeweza, mnajua) nikasikia hodi, nikafungua, na huyo hapo baba yangu, na kaka zangu wawili, na kuku amefungwa miguu, nyuso zao zimejaa huruma, wamekuja kunichukua. Wamekuja na kuku! Yule mzee hajawahi kuniletea hata yai tangu niolewe.

"Mwanangu," baba akasema, "tumesikia. Umeteswa. Twende nyumbani."

Nikafungua mdomo, safari hii haukunata, lakini nikatazama nyuma kwanza. Kwa sababu Bi Mariamu alikuwa nyuma yangu, na tangu siku ile alikuwa hajasema nami zaidi ya "leta" na "ondoa", na nilijua huu ndio mlango wake umefunguka, anachotakiwa kusema ni "Mchukueni". Akatoka mpaka kizingitini, mfupi vile, akamtazama baba yangu kutoka chini.

"Karibu, mkwe," akasema. "Huyu binti hajateswa na mtu. Na hajala. Amefunga mwezi mzima, na leo amefunga, mtazame midomo."

Baba akanitazama midomo. Ilikuwa imepasuka. Kaka yangu mkubwa akauliza kwa unyonge sasa kuku afanywe nini, Bi Mariamu akampokea na kusema ni wa futari, ahsanteni sana. Wakaenda. Nikamgeukia nimshukuru, akanikata kauli: "Usinishukuru. Sitoi kitu cha nyumba yangu kwa Wasabato." Nikabaki na hasira zangu, maana mtu anakuokoa na hataki hata umpende kwa hilo. Futari ya ishirini na saba ikapikwa kwetu, lakini ufunguo wa ghala, anaokabidhiwa mke wa nyumba, hakunipa.

Bwana Hirano alikula mochi zake asubuhi ya mwaka mpya, peke yake barazani, kwa mchuzi wa mboga niliompikia, na alilia kidogo, si kwa pilipili. Siku ya kuondoka aliniambia jambo ambalo sikulielewa. Alisema amefurahi kuona kwamba watoto wetu wana heshima kubwa kwangu, kwa kuwa amewauliza maana ya lile neno wanaloniitia kila nikipita, nao wakamchorea kobe chini kwenye mchanga. "Kwetu," akasema, "kobe ni mnyama wa baraka, hasa mwaka mpya. Ni maisha marefu. Watoto wanakuombea." Nikamwambia naam, wananiombea. Ningemweleza nini?

Basi miezi ikapita, nikawa nalipa siku zangu moja moja, zile nne na ile ya tano ya mochi, ambayo niliiacha mwisho kwa kuichukia. Siku niliyoifunga, mchana, Shabani akarudi kutoka posta na robota kubwa kutoka Mombasa, zawadi ya Bwana Hirano kwa nyumba yetu. Tukalikata kamba. Ilikuwa kanga, doti juu ya doti, nguo nzuri, rangi ya kukolea, na kutoka pindo hadi pindo, jamani, makobe! Makobe wakubwa, makobe wadogo, wanazunguka pembeni wameshikana mikia. Shabani alicheka mpaka akakaa chini. Na aliziuza, yule mwanamume! Aliziuza Keroka, akaziuza Ogembo, na kila aliyenunua alisimuliwa kisa ili anunue haraka, na kwa miaka miwili sikuweza kwenda kisimani bila kukutana na aibu yangu kiunoni mwa mtu.

Lakini siku ile ile ya robota, Bi Mariamu alichukua doti ya kwanza kabla hatujasema kitu. Akaichana katikati kwa meno yake. Kipande kimoja akanitupia mimi, kimoja akajifunga mwenyewe.

"Mama," nikasema, "wewe ya nini?"

Akatazama kama Shabani ametoka. Akakaa kwenye kile kigoda. "Mwaka wangu wa kwanza kwa mume," akasema, "nilikuwa nimeletwa kutoka kwa Wanandi, nimesilimu juzi, kama wewe. Nililetewa kiazi kitamu cha kuchoma na dada yangu. Nikaingia nacho nyuma ya banda la kuni." Akakunja pindo la ile kanga mpya. "Nilikimaliza na maganda. Hakuna aliyeniona."

Nilisimama pale na kanga mkononi, na nikasikia moto unanipanda kutoka miguuni. Kiazi kizima! Na maganda! Na mwezi mzima ananikagua midomo kama askari, ananiita nimtoe vibanzi ambavyo havipo, na mimi kwa kipande cha punje ya hindi ambacho hata sikukitafuna ninaitwa kobe mpaka Ogembo! Nikafungua mdomo nimwambie yote. Akanitazama, na kwa mara ya kwanza sikuona ukaguzi machoni mwake. Niliona midomo yake. Ilikuwa imekauka. Wali wa mchana ulikuwa umepakuliwa tangu saa saba, na sahani yake ilikuwa bado imefunikwa.

"Umefunga, Mama?"

"Nalipa," akasema. "Nilikuwa sijawahi kuilipa. Usimwambie mtu." Akafungua fundo la kanga yake ya zamani, akatoa ufunguo wa ghala, akauweka juu ya kipande changu cha makobe.

Sikumwambia mtu mpaka alipozikwa, na nyinyi ndio wa kwanza. Tangu siku ile sijaonja chakula nikiwa nimefunga, sionji kabisa, napika kwa pua, chumvi ikizidi mle hivyo hivyo. Na yule mwenye kamasi akiniita Mama Kobe sokoni, naitikia marahaba kwa niaba ya wawili.